Anayetoka kwa Kipsing Anaingia kwa Merti

Kwetu ukitaka kusafiri mbali, baba hakuulizi ndege yako inaondoka saa ngapi. Anakuuliza maji. Maji ya huko yako wapi, nyasi ni za nani, kisima kiko umbali gani, na ukifika utamkuta nani ameshakaa hapo kabla yako. Ni maswali ya fora. Fora ni lile kundi la ng'ombe linalopelekwa mbali na nyumbani kiangazi kikizidi, na kwetu hakuna kijana aliyeondoka nalo kabla baba hajamhoji mpaka akachoka. Maswali yakiisha, baba anachukua funda la maziwa na kumpulizia usoni. Hiyo ndiyo baraka. Unaondoka umelowa, ukinuka maziwa ya moshi, na nzi wanakusindikiza.

Mimi sikuwa napeleka ng'ombe popote. Nilikuwa naenda Ulaya na sanduku moja na kompyuta moja, kumalizia udaktari wangu, ule wa vitabu si wa sindano, kwenye chuo chenye mashine za kujaza chumba. Lakini baba ana mtihani mmoja tu maishani mwake na anawapa watu wote. Nilipokwenda shule ya bweni Meru aliniuliza kisima. Mama alipopelekwa kufanyiwa upasuaji, naye aliulizwa nyasi, akiwa ameshikilia tumbo.

Kwa hiyo maswali nilijua nitayapata. Maziwa ndiyo sikuwa na uhakika nayo.

Kaka yangu mkubwa alikwenda fora upande wa Kipsing, kiangazi kimoja kibaya. Alijibu maswali yote vizuri na akapuliziwa maziwa mpaka shati likashikana na mgongo. Huko kukatokea ugomvi wa malisho. Ng'ombe walirudi, ingawa si wote, wakiletwa na watu wengine. Yeye hakurudi, na hatukupata mwili wa kuzika wala mtu wa kutuambia neno la kueleweka. Tangu hapo baba hajambariki mtu. Nilipokwenda chuo kikuu Nairobi aliniuliza maji, akaniuliza nyasi, halafu akaingia ndani kusikiliza redio. Nikapanda gari nikiwa mkavu, na nakumbuka nililia mpaka Nanyuki, nikimwambia jirani yangu ni vumbi.

Safari hii Mama aliniambia waziwazi, akiwa anachambua mchele: "Kama hajakupulizia, usiende. Mimi sitaweza kulala hii miaka yote."

Mimi ni mtu wa takwimu. Nikiulizwa rasmi nitasema kwamba maziwa yaliyomo mdomoni mwa mzee hayana uhusiano wowote na usalama wa ndege. Lakini hakuna aliyeniuliza rasmi, na nilijua vizuri kwamba nisingeweza kupanda zile ngazi za ndege nikiwa mkavu mara ya pili.

Shida ilikuwa kwamba baba alikataa kubariki kitu asichokijua. "Kijana wangu nilijua anaenda kufanya nini, na bado," alisema siku niliyofika, na hakumaliza sentensi. "Wewe hata sijui unaenda kufanya nini."

Haki yake. Kazi yangu ni kuiga kwa kompyuta umbo la uso wa maji, na umbo la uso wa mawe, hasa pale viwili hivyo vinapokutana. Tone la maji lina molekuli nyingi kupita akili. Iliyo katikati ina majirani kila upande. Iliyo juu kabisa ina majirani chini na pembeni, na juu yake hakuna kitu. Kutokana na upungufu huo mdogo wa majirani ndipo tunapata umbo la tone, na mdudu anayetembea juu ya dimbwi bila kuzama, na umande unaokaa kwenye jiwe moja na kuteleza kwenye jingine. Kwa kuwa hatuwezi kuzitazama moja moja, tunatengeneza kisanduku kidogo ndani ya kompyuta, tunaweka molekuli elfu chache, tunazisukumasukuma kwa kubahatisha, kisha tunatafuta wastani. Msimamizi wangu wa Nairobi, mtu mpole anayesema "kimsingi" kila anapokuwa hana uhakika, aliwahi kuniambia kwamba ukishindwa kuieleza kazi yako kwa mzazi wako, basi kimsingi huielewi. Ni wazi mzazi wake hakuwa dalali wa mifugo Isiolo.

Baba hunisemesha mambo ya nyumbani kwa Kiborana. Akitaka ugomvi anahamia Kiswahili, maana alikijifunzia sokoni, akiwa na mkono mmoja kwenye mkia wa fahali na mwingine umeshika mnunuzi kwa shati. Wiki ile yote tuliongea Kiswahili.

Mtihani ulianza nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Bula Pesa mjini Isiolo. Baba alikuwa ameketi juu ya jerikani lake la manjano, ambalo ndilo kiti chake, meza yake na ofisi yake, anatafuna mswaki.

"Haya. Unaenda kufanya nini huko?"

"Kusoma uso wa maji, Abba."

"Maji hapa hakuna?"

"Yako."

"Ewaso iko Merti, inajaa mpaka inabeba mbuzi ya watu. Hiyo uso yake haikutoshi?"

"Abba, sisomi mto. Nasoma vitu vidogo ndani ya maji. Vidogo sana, havionekani. Viko kama ng'ombe kwa boma, vimekaa karibu karibu."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Ukimpa mfugaji mfano wa ng'ombe, mfano si wako tena. Nililitambua hilo mara moja, kwa sababu mswaki ulisimama.

"Ng'ombe ngapi?"

"Ni mfano tu, Abba."

"Mimi nauliza ngapi."

"Kwa kompyuta yangu? Elfu nne hivi."

Alitoa mswaki mdomoni. Nadhani alikuwa hajawahi kunitazama kwa heshima kiasi kile, na haikudumu. "Elfu nne," alisema. "Na zaka umetoa?"

Nilimweleza kwamba hawa si ng'ombe wa kutolewa zaka. Akasema kila mwenye ng'ombe wengi husema hivyo. Akataka kujua rangi. Nikamwambia wote ni sawa, hakuna tofauti hata kidogo, ukibadilisha huyu na yule hakuna atakayejua. Baba anamwita kila ng'ombe kwa rangi yake, kwa pembe zake na kwa tabia ya mama yake. Ukimtajia ng'ombe aliyeuzwa kabla sijazaliwa atakuambia alikuwa na doa wapi. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Zote rangi moja," alisema. "Sasa moja ikipotea, utajuaje?"

Nikasema nakwenda kuweka chai.

Kesho yake soko zima la mifugo lilikuwa limeshapata habari kwamba binti ya mzee fulani ana ng'ombe elfu nne ndani ya sanduku. Jioni wakaja wazee wawili, marafiki zake baba, wamevaa kofia safi kama watu wanaokuja kuposa. Salaam aleikum, aleikum salaam, habari ya masomo, alhamdulillahi. Mama akaleta chai. Mmoja wao, mwenye lori linalokwenda Merti na kurudi, hakuweza kuvumilia.

"Hii ng'ombe yako inakula nini?"

"Umeme," nikasema, maana nilishachoka kukana.

"Na stima ikipotea?"

"Zinasimama."

"Zinakufa?"

"Hapana. Zinasimama tu vile zilikuwa. Stima ikirudi zinaendelea."

Wazee walitazamana. Walikuwa wamepitia ukame mmoja baada ya mwingine, na mizoga imewahi kupangwa kando ya barabara mpaka fisi wakachagua. "Hiyo ni mbegu mzuri," alisema yule wa lori, taratibu. Baba akakohoa na kutazama kando, kama mtu anayejaribu kuficha kwamba kitu kinachosifiwa ni chake. Dakika chache baadaye stima ikapotea mtaa mzima, kama kawaida yake. Wote watatu wakageuka kutazama kompyuta yangu kwa wasiwasi.

Hiyo ilinipa moyo. Nikaona basi, mzee anaanza kulainika, nimfanyie onyesho la vitendo. Niliazima sinia la Mama na maharagwe aliyokuwa akiyachambua kwa ajili ya chakula cha jioni, nikayamwaga kwenye sinia mbele ya jerikani, nikayakusanya katikati yakashikana. Mama akasogeza kigoda chake karibu. Alisema anakuja kulinda maharagwe.

"Haya Abba, hili ndilo kundi. Angalia hizi za pembeni. Zina jirani upande mmoja tu."

"Fisi anakula ya pembeni," alisema.

"Ndiyo. Kwa hiyo kila moja inataka kuingia ndani. Zikisukumana hivyo zote, kundi linakuwa duara. Tone la maji ni duara kwa sababu hiyo hiyo."

"Hiyo sawa. Endelea."

"Sasa mimi sijui zitakaa vipi. Kwa hiyo nafumba macho, nachukua moja, naisukuma kidogo. Halafu nauliza, hapa ni pazuri kuliko pale ilikuwa? Kama ni pazuri, naiacha."

"Na kama ni mbaya?"

"Nairudisha. Lakini si kila mara. Mara moja moja naiacha hapo hapo pabaya."

Hapo akakasirika kabisa. Alisema hajawahi kusikia mtu mwenye akili akipeleka mnyama mahali pabaya kwa kupenda. Nikamweleza kwamba ukikubali tu hatua nzuri utakwama: utafika mahali ambapo kila hatua inayofuata ni mbaya, na utabaki hapo ukidhani ndipo bora duniani, kumbe ng'ambo ya kilima kidogo kuna pazuri zaidi. Lazima ukubali kupanda kilima. Na joto likiwa kali, tunakubali upuuzi zaidi.

"Kama mkutano wa harusi," alisema Mama.

"Hasa hivyo."

"Nani amewahi kutoa ng'ombe kwa nyasi, apeleke kwa mawe?" aliuliza baba.

"Wewe, Abba. Ulitoa ng'ombe kwa nyasi ya Korbesa ukaleta hapa Isiolo, na hapa hakukuwa na nyasi hata ya kufuta sahani."

"Hapa kulikuwa na shule," alisema, kwa hasira. Akachukua haragwe, akalisukuma mahali pabaya, akaliacha. Tukaendelea. Aliibuka kuwa mchezaji mwizi. Alifumba jicho moja tu, na kulikuwa na haragwe lenye doa jeupe alilolipenda, kila likienda pembeni analirudisha katikati akidhani sioni. Nilikuwa nafurahi. Sijui mara ya mwisho tulikaa hivyo watatu lini, tukicheka kitu kimoja.

Kisha haragwe moja likasukumwa likafika ukingoni mwa sinia, likaanguka mchangani.

"Hiyo imetoka," alisema baba. "Sasa?"

Nami, nikiwa na furaha ya kijinga ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake ameuliza swali zuri, nikajibu bila kufikiri. Nilimwambia kompyuta haiwezi kubeba bahari nzima, inabeba kipande kidogo tu, na ukingo wa kipande ungetuharibia kila kitu. Kwa hiyo tunafanya ujanja. Inayotoka upande huu tunaiingiza upande wa pili. Nikaliokota lile haragwe, nikalipangusa, nikaliweka upande mwingine wa sinia.

"Inatoka huku inaingia huku?"

"Ndiyo. Haipotei hata moja."

Baba alilitazama sinia. Kisha akanyoosha mkono, akagusa ukingo mmoja kwa kidole, akagusa wa pili. "Kwa hivyo ikitoka kwa Kipsing," alisema, "inaingia kwa Merti."

Jina la Kipsing lilikuwa halijatajwa uani mwetu tangu ng'ombe waliporudi. Tulikuwa tukizunguka maneno mazima kulikwepa, tukisema "kule", tukisema "upande wa jua kutua". Mama aliinua macho kutoka kwenye sinia.

"Ndiyo, Abba," nikasema. "Kwa Merti."

"Ile ile?"

"Ile ile."

"Si ulisema zote rangi moja. Unajuaje ni ile ile?"

"Kila moja ina namba. Kompyuta inakumbuka."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele ya jopo lolote la maprofesa, na nilitamani niirudishe ile sentensi mdomoni na kuimeza. Nilimwona akiitazama barabara ya Merti, ambayo kutoka uani mwetu haionekani kabisa, kuna nyumba na choo cha jirani katikati. Nikasema kwa haraka, "Abba, huo ni uongo wetu wa kazi tu. Ni hesabu. Nje ya sanduku mambo hayako hivyo."

"Nimesikia," alisema. Kisha akauliza, "Na juu?"

"Juu nini?"

"Umesema huku na huku inarudi. Na hii upande wa juu?"

Nilitaka kudanganya, na kama angekuwa ameuliza jambo lingine lolote ningedanganya. Lakini aliuliza kazi yangu yenyewe. Ukifunga pande zote hakuna uso. Yanabaki maji matupu yasiyo na mwanzo wala mwisho, na mimi sina thesisi. Lazima upande mmoja uachwe wazi.

"Juu tunaacha wazi," nikasema.

"Ng'ombe inaweza enda?"

"Ni nadra. Lakini mara nyingine moja inapata nguvu, inaachana na wenzake, inaenda."

"Na hiyo inarudi?"

Mtaalamu ndani yangu alikuwa na majibu yake. Alitaka kusema kwamba kwa kweli baadhi hurudi, kutegemea joto na urefu wa kisanduku, na kwamba suala hili bado linahitaji kuangaliwa zaidi. Nilimnyamazisha.

"Hapana, Abba," nikasema. "Hiyo hairudi."

Baba alitingisha kichwa kukubali. Alitafuta kwenye sinia, akaliona lile haragwe lenye doa jeupe, akalichukua na kulishika kwenye kiganja.

"Basi kijana wangu alienda juu," alisema. Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyeambiwa rudi kesho kwenye ofisi moja miaka na miaka, na leo mtu amemjibu. Kisha akalitia haragwe mfukoni mwa shati, akainuka, akaenda kuswali.

Mama alikusanya maharagwe yaliyobaki bila kuniangalia. Aliyapika. Tuliyala, na yalikuwa na mchanga.

Siku ya kuondoka gari lilikuwa linapiga honi nje. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sanduku, kompyuta imefunguliwa juu ya kigoda kwa sababu nilikuwa nikihakikisha kwa mara ya mwisho kwamba faili zangu zimenakiliwa. Baba alitoka ndani akiwa na kikombe. Niliona ukingo mweupe wa maziwa, nikaweka sanduku chini. Mama alikuwa nyuma yake, ameshika kitambaa cha jikoni kinywani.

"Unatoka kwa barabara gani?" aliuliza.

"Ya Nairobi, Abba."

"Utarudi kwa gani?"

"Hiyo hiyo."

"Hapana. Wewe si ndiyo ulisema? Ukitoka huku unaingia upande ya pili. Upande ya pili ya Nairobi ni Moyale." Alifikiri kidogo. "Lakini Moyale sina mtu. Utaingia kwa Merti."

"Abba, hakuna ndege inayotua Merti."

"Hiyo ni shida ya ndege. Utaingia kwa Merti." Kisha akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito unaonuka ngozi na sabuni ya bluu, na sauti yake ikabadilika. Akahamia Kiborana, kwa mara ya kwanza wiki nzima. Aliniombea amani, njia, maji na majirani wema. Mwishoni akasema maneno ambayo hayamo katika baraka yoyote niliyowahi kuisikia. "Nenda kwa pembeni. Usiende juu."

Nilikuwa nalia, na bado mdomo wangu haukunyamaza. "Abba, ndege inaenda juu."

"Ndege inaenda pembeni," alisema. "Inapanda tu kidogo kwanza."

Akachukua funda, akanipulizia. Yalinipata usoni, shingoni, kwenye hijabu, na sikufumba macho. Na kabla sijafuta akachukua funda la pili, akainama, akaipulizia kompyuta yangu.

Nilipiga kelele ambayo Bula Pesa nzima wanaikumbuka.

"Na ng'ombe yako pia," alisema baba, akashangaa kwa nini naipangusa baraka hivyo, kwa pindo la hijabu, huku nikigeuza mashine juu chini na kuitikisa. Matone yalikuwa yamekaa juu ya vitufe, mviringo safi, yametuna, kila moja likivuta molekuli zake za juu ndani kama vile ninavyoandika katika sura ya pili. Nilipata sekunde moja ya kuyaona ni mazuri.

Kompyuta ilipona, isipokuwa kitufe kimoja kilichobaki kinanata na kunuka maziwa machachu kila chumba kilipopata joto. Msimamizi wangu mpya huko Ulaya aliwahi kuinusa hewa na kuuliza kwa upole kama kuna chakula nimesahau mahali. Nilimwambia ni suala la uso kwa uso, kimiminika na yabisi, na kwamba nalifanyia kazi.

Nilirudi na udaktari. Mwili ulikuwa umechoka na sanduku lilikuwa limeongezeka, yakawa mawili. Nilishuka Isiolo mchana wa jua kali, nikampigia Mama kumwambia nimefika, nakuja nyumbani.

"Usije," alisema.

"Mama?"

"Babako ako barabara ya Merti tangu asubuhi. Amebeba jerikani yake. Ameambia watu wote utaingia kwa Merti."

"Mama, niko hapa mjini. Naona ile duka ya viatu. Mwambie tu arudi."

"Nimemwambia. Yule mzee wa lori amemwambia. Hataki." Kisha akasema, "Zunguka, mama. Tafadhali zunguka."

Nilisimama na masanduku yangu, daktari mzima wa uso wa maji, nikitukana kimoyomoyo kila aliyewahi kubuni mipaka inayojirudia. Kisha nikamwita bodaboda. Alikuwa kijana mwenye miwani ya jua na swali moja.

"Nikuelewe poa. Nikutoe town, nikupeleke nje huko, halafu tugeuke nikurudishe town?"

"Ndiyo."

"Siz, uko sawa kweli?"

"Ni hesabu," nikamwambia. "Twende."

Alifunga masanduku kwa mpira. Tulipita njia za nyuma ili tusionekane, tukatoka mji mpaka vibanda vikaisha, tukabaki na miiba na barabara. Huko tukageuka. Lori lilikuwa linakuja kutoka Merti, limejaa mbuzi na watu juu ya mbuzi, na kijana wangu, ambaye sasa alikuwa ameanza kuipenda kazi hii, akaniambia nijifunike, akaingia nyuma yake kabisa ili tuonekane tumetoka mbali. Nilipofika mahali alipokuwa baba nilikuwa na vumbi mpaka kwenye meno.

Alikuwa kando ya barabara, juu ya jerikani la manjano. Amekonda. Aliliacha lori lipite, akaiona pikipiki, akainuka kwa shida.

"Nagaa?" aliuliza. Amani?

"Nagaa, Abba."

"Umetoka wapi?"

"Merti," nikasema.

Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama jicho moja baada ya jingine, kama anavyomkagua mnyama aliyerudi kutoka mbali. Aliridhika. Mfukoni mwa shati lake kulikuwa na kitu kidogo kigumu kilichonigusa aliponikumbatia. Kisha akaniachia, akanisogeza pembeni kidogo kwa bega, na kutazama barabara nyuma yangu, huko nilikotoka. Alitazama kitambo. Hakukuwa na kitu ila vumbi la lori, na pikapu moja mbali ambayo ilichukua muda mrefu kufika, ikatupita.

"Haya," alisema. "Twende, mamako amepika."

Bodaboda akatangulia na masanduku, mimi nikambebea baba jerikani. Tulipofika pa kukata kona kuelekea Bula Pesa, yeye hakuangalia nyuma. Mimi niligeuka, nikaitazama barabara ya Merti.